Imelinda Ananena kwa Lugha

Sanduku la Kukhu lilipofunguliwa, harufu ya sabuni ya kuogea ilijaa chumba kizima. Kukhu, ndivyo sisi Wabukusu tunavyomwita nyanya, hakuwa mtu wa manukato ya chupa. Alikuwa akinunua kipande kipya cha sabuni, anakitia katikati ya nguo zake nzuri, na kinakaa humo mwaka mzima bila kuonja maji. Siku hiyo tulikuwa tunatafuta gauni la kumzika nalo. Mama alitoa nguo moja moja, akizikunjua na kuzikunja tena, hadi mkono wake ukafika chini kabisa na kutoka na kitambaa cheupe chenye ukingo wa bluu, kile ambacho akina mama wa kanisa la Mabanga hujifunga kichwani siku ya Jumapili.

Nilipokiona nilicheka. Nilicheka kwa sauti, ndani ya nyumba ya matanga, shangazi wamekaa chini na macho yamewavimba. Mama alinikazia macho, kisha midomo yake ikaanza kutetemeka.

"Imerinda," akasema, kwa sauti ya mamake kabisa, na sote wawili tukashikana, tukicheka na kulia kwa wakati mmoja. Shangazi walidhani huzuni imetuzidi. Acha nieleze, maana kisa hiki nimekificha miaka mingi nikidhani ni aibu yangu, kumbe ndicho kitu ninachojivunia kuliko vyeti vyote nilivyotundika ukutani.

Nyinyi wa rika langu mnaikumbuka saa moja ya jioni ya miaka ile. Hata mbwa wa Kibomet, mtaa wetu pale Kitale, walijua kwamba saa hiyo hakuna mtu wa kuwafukuza. Kulikuwa na kipindi cha kutoka ng'ambo, cha mapenzi na machozi, kimewekewa sauti za Kiingereza juu ya lugha yao wenyewe, na mwanamke wa kipindi hicho aliitwa Imelinda. Mama alikuwa fundi wa cherehani. Wateja walikuwa wanamjia wakitaka mikono ya gauni kama ya Imelinda, kola kama ya Imelinda, na mmoja alitaka gauni la harusi kama lile Imelinda alilovaa siku alipoachwa kanisani na mchumba wake wa kwanza. Mama alimshonea vizuri tu, ila alimwombea bwana harusi kwa siri.

Sisi tulikuwa watu wa wokovu. Mchungaji wetu pale Kitale alihubiri mara nyingi kwamba saa moja ya jioni ni saa ya Bwana, na Mama alikuwa anasema amina kwa moyo wote. Kisha Jumatatu saa moja kasoro dakika tano, cherehani inanyamaza. Mama anaondoa kitambaa cha kufuma kilichofunika TV, mimi natoka nje kuzungusha mlingoti wa antena, na majirani wanaingia mmoja mmoja wakijifanya wamekuja kuazima chumvi.

"Zungusha! Zungusha! Hapo hapo! Sasa umeharibu, rudisha!"

Nilikuwa na miaka minane au tisa. Kiingereza changu kilikuwa cha shule, lakini nilikielewa kuliko majirani wengi, kwa hiyo kazi yangu ya pili baada ya antena ilikuwa kuwaeleza kinachosemwa. Nilisimama kando ya TV kama mkalimani wetu wa kanisani alivyosimama kando ya wageni wanaohubiri kwa Kiingereza: mkono mmoja nyuma, mwingine unapaa kila mhubiri anapopaa. Wageni wakilia, naye analia. Nilimpenda mtu yule. Nilitaka kuwa yeye.

Jambo moja tu lilinisumbua. Midomo ya Imelinda ilikuwa inasema kitu kimoja na sauti inasema kingine. Mdomo umefunga, sauti bado inaendelea. Siku moja nilimuuliza Mama, naye alikuwa na pini tano mdomoni, anapinda gauni la mtu.

"Hao wanaongea kwa lugha," akasema kupitia pini. "Ile tunasikia ni tafsiri."

Alimaanisha lugha yao ya kwao. Lakini mimi nilikuwa mtoto wa kanisa. Kwetu, mtu akijazwa Roho ananena kwa lugha, maneno ambayo hakuna aliyefundishwa, na wakati mwingine Mungu anampa mtu mwingine tafsiri. Nilikuwa nimeyaona hayo kwa macho yangu, Jumapili kwa Jumapili. Basi nikamtazama Imelinda upya, yule mwanamke aliyedanganywa na wifi yake kwamba mtoto wake alikufa hospitalini, kumbe ameibiwa, na nikaelewa kila kitu. Alikuwa ameokoka. Kwa nini mtu angevumilia vile kama hajaokoka? Na wale wote waliomzunguka, hata wifi mwenyewe, walikuwa wamejazwa. Hilo la wifi lilinipa shida kidogo, lakini nilijua kanisani kwetu pia kulikuwa na mmoja wa aina hiyo.

Nilijua hata anakoishi. Nyumba ya mumewe ilikuwa na vigae vyekundu na ua uliokatwa vizuri, kwa hiyo ilikuwa upande wa matajiri wa Kitale, kule ambako sisi hatukuwa na shughuli. Na alipofukuzwa, akaenda kuishi kwenye vibanda vya mabati, nikajua ni Kipsongo. Kila tulipopita hapo kwenda sokoni nilikuwa nabakisha nusu ya mandazi yangu mfukoni, endapo tutakutana naye. Mama alishangaa kwa nini sare zangu zina mafuta mfukoni. Mara nyingi niliishia kuwapa nusu hiyo watoto wa huko, nikiwatazama nyuso mmoja mmoja, nikitafuta aliyefanana na Imelinda.

Likizo ya Desemba ilipofika nikapelekwa Mabanga, kwa Kukhu. Kwake hapakuwa na TV. Palikuwa na maharagwe ya kuchambua, rundo linalofika kiunoni mwangu, na kila alasiri akina mama wa kanisa walikuja kumsaidia kwa sababu alikuwa mama kiongozi wao. Nafasi hiyo haikuwa ya mchezo. Mama kiongozi ndiye aliyepokea maombi ya watu, ndiye aliyetangaza siku ya kufunga, na alipotembea barabarani na kile kitambaa cheupe wanaume walishuka baiskeli kumsalimu. Alikuwa mjane tangu Mama akiwa mdogo. Kitambaa hicho ndicho kilichomfanya awe mtu mbele ya watu.

"Haya, mwana wa Kitare," akasema siku ya kwanza. L na R katika kinywa cha Kukhu zilikuwa zinabadilishana viti zinavyotaka. "Habari za huko? Mko na amani?"

"Sisi tuko na amani, Kukhu. Lakini kuna mama mmoja anaitwa Imelinda. Huyo hana."

Nikasimama. Nikaweka mkono mmoja nyuma. Nikawapa kisa chote, kuanzia harusi hadi hospitali, nikilia pale alipolia na kufoka pale wifi alipofoka. Mikono ya akina mama iliacha maharagwe. Kesho yake walikuja mapema, na wengine walikuja ambao hawakuwahi kuja kuchambua chochote.

"Woi! Akaambiwa mtoto amekufa? Na hakuonyeshwa kaburi?"

"Hakuonyeshwa."

"Hao ni watu gani, bana! Hata sisi hatufanyangi hivyo."

Mmoja wao hakusema kitu. Aliitwa Namalwa, mwanamke mwembamba aliyekuwa amerudi kwa wazazi wake miaka kadhaa nyuma, na aliyekaa kila mara karibu na mlango. Yeye ndiye pekee ambaye mikono yake haikuacha maharagwe. Ilikuwa inaenda mbio zaidi kila nilipofika kwa mtoto.

Kukhu aliniita pembeni. "Huyo Imerinda. Ameokoka?"

"Ndiyo, Kukhu."

"Umejuaje?"

"Ananena kwa lugha. Nimemwona mwenyewe."

Hakuuliza zaidi. Mtu wake mwenyewe, damu yake, ameona kwa macho. Jumapili iliyofuata, saa ya maombi, alisimama mbele ya kanisa na kitambaa chake kimenyooka kama karatasi. "Tuko na dada yetu upande wa Kitare, anaitwa Imerinda. Wameiba mtoto wake na wakasema arikufa. Dada huyo ni mtu wa Roho. Tusimwache peke yake." Kanisa zima likamwombea, watu wakipiga makofi na kukemea roho ya wifi. Akina mama wakafunga Jumatano mchana kutwa, bila chai. Mimi nilifunga hadi saa nne. Sijawahi kujiona mkubwa kama siku ile.

Mambo yalilipuka siku mbili baadaye. Kulikuwa na msichana wa kwaya aliyekuwa anasoma Bungoma mjini, na mamake alipomweleza wanafunga kwa ajili ya nani, aliangua kicheko hadi akaketi chini. "Imelinda? Imelinda wa TV? Mama, huyo si mtu! Huyo ni mchezo!" Kufikia jioni habari ilikuwa imefika soko, kisima, na makanisa mengine mawili, na huko walicheka vizuri zaidi.

Nilisikia ukweli huo nikiwa nimebeba maji. Sikuelewa mara moja. Nilimuuliza msichana yule, kama Imelinda si mtu, aliyekuwa analia ni nani? Akaniambia ni mwigizaji, analipwa, na mtoto aliyeibiwa hayuko, hajawahi kuwako. Nikaweka mtungi chini nikalia. Niliwalilia wawili: Imelinda, ambaye ni kama alikuwa amekufa, na Kukhu, ambaye nilikuwa nimemwangusha.

Kwa maana wazee wa kanisa walikuwa wamemwita. Jumapili baada ya ibada kanisa liliambiwa libaki. Mwenyekiti wa wazee, Mzee Wafula, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kuogopa kuchekwa, na kanisa lake lilikuwa limechekwa.

"Mama kiongozi," akasema, "kanisa limepiga magoti kwa ajili ya mtu wa sinema. Tumefungia sinema. Watu wanatuuliza kesho tutamwombea nani, mtu wa gazeti? Wazee wameonelea uweke kitambaa chini."

Nilijua maana ya kuweka kitambaa chini. Ilimaanisha benchi la nyuma. Ilimaanisha wanaume hawatashuka baiskeli. Sijui miguu yangu ilinifikishaje mbele, lakini nilijikuta hapo. "Ni mimi! Kukhu hakujua. Ni mimi nilisema ameokoka."

Mzee Wafula aliinama. "Na wewe nani alikuambia?"

"Niliona mwenyewe. Mdomo wake unasema kitu, na sauti inatoka nyingine. Mama akasema wanaongea kwa lugha, na sisi tunasikia tafsiri."

Kanisa likalipuka kwa kicheko. Watu walishikilia mabenchi. Mpiga ngoma aliiegemea ngoma yake akifuta machozi, na hata mzee mmoja wa mbele aligeuka ukutani mabega yakitikisika. Mimi nilitamani ardhi inimeze. Kukhu peke yake hakucheka. Alinivuta ubavuni, akaweka mkono juu ya kichwa changu, akangoja hadi wote wanyamaze.

"Wazee," akasema, "kosa la kutouliza ninarikubari. Mimi ni mkubwa, ningeuliza. Lakini kosa la kuomba sirijui. Nirisikia mama ameibiwa mtoto, nikapiga magoti. Mtoto huyu arisikia, akaleta habari kwa watu wa Mungu. Angepereka wapi?" Akafungua fundo nyuma ya shingo, akakunja kitambaa mara nne, akakiweka juu ya meza. Nywele zake zilikuwa nyeupe kuliko nilivyojua. "Kitambaa ni chenu. Magoti ni yangu."

Akaanza kutembea kwenda benchi la nyuma, mkono wangu ndani ya wake. Hapo ndipo Namalwa aliposimama karibu na mlango.

"Mimi nilifunga hiyo Jumatano," akasema, kwa sauti ndogo ambayo wengi walikuwa hawajawahi kuisikia. "Lakini sikumwombea Imelinda. Nilisema Imelinda kwa mdomo, na ndani nilikuwa nasema Nekesa. Nekesa ni mtoto wangu. Nilipotoka kwa mume juu ya vichapo, walimbakisha. Nimeenda mara tatu, wananifukuza kwa boma. Ameambiwa mimi nilienda Uganda na sitarudi. Miaka minne. Hapa kanisani nilikuwa nashindwa kusema, kwa sababu nitaambiwa ni mimi niliacha ndoa. Sasa nimesema."

Hakuna aliyecheka tena. Mzee Wafula alikitazama kile kitambaa mezani kama mtu aliyeshika kitu cha moto na hajui pa kukiweka.

Jumapili iliyofuata tulipofika, Kukhu alienda moja kwa moja nyuma. Mama mmoja wa kitambaa cheupe akaingia, akatazama mbele, akatazama nyuma, akaja kuketi na sisi. Akaja wa pili. Mahubiri yalipoanza, mabenchi matatu ya mbele yalikuwa matupu kabisa, na nyuma tulikuwa tumebanana hadi wengine wamepakatana. Mzee Wafula alisoma matangazo akiyaelekeza kwa mbao. Hilo nililiona nikiwa mtoto, na tangu siku hiyo hakuna mtu anayeweza kuniambia akina mama wa kanisa hawana nguvu.

Katikati ya wiki hiyo walienda kwa wakwe wa Namalwa, kwenye miteremko ya Mlima Elgon. Walikuwa sita, na Kukhu kichwa wazi, na mimi. Namalwa mwenyewe alitaka kujua mimi mtoto ninapelekwa huko kwa nini.

"Yeye ndiye arianza," Kukhu akasema. "Ataenda amarize."

Tulipanda lori lililokuwa likirudi kuchukua viazi, tukakaa juu ya magunia matupu. Huko juu kulikuwa na baridi na ukungu, na boma lile lilikuwa na ua wa miti ya saipresi. Akina mama waliketi kwenye nyasi wakaanza kuimba. Waliletewa chai, wakaiweka kando. Babu wa mtoto akatoka akiuliza kwa Kiswahili cha ukali, hawa watu wanataka nini.

"Tumekuja kuona mtoto," Kukhu akasema. "Hatukuja kupigana, baba. Lakini hatuendi."

Chai ilipoa. Nyimbo kumi, kumi na tano. Hatimaye nyanya wa huko, mama mkwe mwenyewe, aliingia nyumba ya nyuma akatoka na msichana wa rika langu, amevaa sweta kubwa la mtu mzima. Nilimtazama uso kama nilivyowatazama watoto wa Kipsongo. Alifanana na Namalwa hadi kucha. Wala Namalwa hakumkimbilia. Alipiga magoti pale pale alipokuwa, akanyoosha mikono, na Nekesa akasimama akimkagua kwa muda mrefu, muda mrefu sana, ndipo akatembea.

Hawakutupa mtoto siku hiyo. Walikubali aje Krismasi, wiki moja. Mwaka uliofuata wiki ikawa likizo nzima, na alipomaliza darasa la nane akahamia Mabanga kabisa. Lakini Jumapili baada ya safari ile, Mzee Wafula alishuka mimbarini katikati ya ibada, akatembea hadi benchi la nyuma, akamkabidhi Kukhu kitambaa kwa mikono miwili. Kukhu alikifunga, akainuka, na akina mama wote wakainuka naye wakarudi mbele kwa kishindo. Mimi nilitembea katikati yao nikiwa nimetoa kifua nje.

Leo mimi ni mkalimani kanisani, mkono mmoja nyuma, mwingine unapaa. Binti yangu ana tamthilia zake za kwenye simu. Anawalilia watu wa nchi ambayo hawezi kuionyesha kwenye ramani, na wazee wenzangu wananiuliza kama sioni sanamu imeingia nyumbani kwangu. Huwa nawajibu kwamba zipo sanamu, ninazijua, na ninamwombea. Lakini namuuliza pia, huyo unayemlilia, umewahi kukutana na wa aina yake hapa kwetu? Kwa sababu mimi nilijifunza kulia kutoka kwa mtu ambaye hakuwako, na machozi yale yalipofika kwa Kukhu yalipata mahali pa kwenda.

Siku ya mazishi ya Kukhu nilikijaribu kile kitambaa, bado kinanukia sabuni. Mama akanifungia fundo mwenyewe. Wageni walikuwa wengi, wengine wa Kitale wasiojua Kibukusu, kwa hiyo nikapewa kipaza sauti cha pili nitafsiri salamu za rambirambi. Zilipita za ukoo, za wazee, za shule. Kisha akaitwa muuguzi mmoja wa Bungoma, mwanamke wa rika langu, akasimama kando yangu. Nekesa. Namalwa alikuwa ameketi mstari wa mbele, mzee sasa, mikono yake imetulia mapajani.

Nekesa alisema sentensi moja tu kwa Kibukusu, kisha akaninyamazia, akingoja. Nilifungua mdomo nitafsiri na sauti haikutoka. Mdomo ukasema, sauti ikabaki. Nikasikia kicheko kidogo nyuma kwa akina mama wazee, nikavuta pumzi, nikajaribu tena.

"Anasema, mimi ndiye mtoto wa Imelinda."

Wageni wa Kitale walitazamana. Lakini akina mama wa Mabanga walikuwa wameshasimama, wote, vitambaa vyeupe kutoka mstari wa mbele hadi wa mwisho.